Mpangaji Ndani ya Mbegu ya Mtindi

Kila asubuhi Mama Mbegu alichota mtindi wa jana, akautia katika maziwa ya leo, na maziwa yakaganda. Mtindi huo wa kuanzishia, ambao kiwandani waliuita mbegu, aliurithi kwa mama yake pamoja na maumivu ya mgongo. Mwenye kiwanda alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wao. Mbele ya wafanyakazi Mama Mbegu alimwita bosi. Wakiwa wawili, we mtoto.

Alikuwa amechoka na alitaka kustaafu. Bosi hakukataa. Alisema tu, "Sasa dada, mbegu nani atailea?" Swali hilo lilimweka kazini kuliko mshahara.

Mwishowe akaamua kwamba safari hii anaondoka kweli, na ataiacha mbegu safi kupindukia, asije mtu kumsema. Akazidisha dawa ya kuoshea mitungi. Kisha, kwa kuwa kiuno nacho kina maoni yake, akasuuza juu juu. Kesho yake maziwa hayakuganda. Yalikaa majimaji, yametulia kama mtu aliyekwisha kuacha kazi.

Wakamwita shemeji yao, mtaalamu wa maabara. Alipima, akarudi na majibu.

"Shemeji, umemwamsha mpangaji."

"Mpangaji gani tena?"

"Kuna virusi vinavyoshambulia bakteria, hao hao wanaogandisha maziwa. Vingine vikiingia vinazaana humo humo mpaka bakteria apasuke. Vyenu vina adabu: vinajibanza kwenye chembe zake za urithi, vinalala. Bakteria akigawanyika, watoto wake wanazaliwa navyo. Hivyo hivyo, miaka nenda rudi."

"Na dawa yangu?"

"Iliyobaki mtungini haikutosha kumuua bakteria, ila ilimjeruhi. Kirusi kikiona nyumba inaungua hakiagi. Kinazaana chapuchapu, kinapasua ukuta, kinawavamia majirani."

"Kwa hiyo mama alinirithisha ugonjwa."

"Alikurithisha nyumba na mpangaji wake. Yeye hakuwahi kumgusa."

Mama Mbegu akakumbuka kuwa nyumbani ana chupa moja ya mbegu ile ile.

"Navyo vimo humo, vimelala," alisema shemeji. "Itagandisha, mradi usivishtue. Au mnunue mbegu ya pakiti. Unamimina tu. Hata bosi anaweza."

Bosi aliliacha hilo lipite. "Lakini dada, ladha haitakuwa ya mama."

Wakamtazama. Chupa ingemrudisha kazini kesho, abembeleze virusi visiamke. Pakiti ingemaliza kazi ya mama yake, na yake.

"Kwanza nipeni kiti," alisema. Akakaa, akapumua. "We mtoto. Nunua pakiti."

Jioni alitoa ile chupa kwenye friji, akatia sukari, akaila mbegu yote kwa kijiko, yeye na wapangaji wake. Ilikuwa tamu sana. Hilo ndilo lililomuudhi.