Mchumba Wangu Aliwapelekea Wapinzani Nyimbo za Mjomba

Nawaomba wahariri wa ukurasa huu mnifichie jina, maana Mwanza ni ndogo na mjomba wangu husomewa gazeti na majirani. Nina miaka ishirini na minne, nipo mwaka wa mwisho, nasoma lugha na fasihi katika chuo kikuu kishiriki. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Baba alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa Igoma na mjomba, kaka yake mama. Mjomba ni manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, wa kundi la ngoma. Kwetu Usukumani, baada ya mavuno makundi mawili hushindana kwenye uwanja mmoja, yakitupiana nyimbo, na linalovuta watu wengi ndilo limeshinda. Kwa hiyo nyimbo mpya hufichwa mpaka siku yenyewe. Hata shangazi, mkewe, huwa hazisikii.

Mwaka huu mjomba aliniruhusu kurekodi mazoezi kwa ajili ya utafiti wangu. Wazee wa kundi walikataa katakata. Akawaambia, "Huyu ni damu yangu. Akinisaliti huyu, basi mimi nimekwisha." Wimbo mmoja alikuwa ameutunga kunisifu mimi, mtoto wa dada yake anayesoma chuo kikuu.

Mchumba wangu tunasoma darasa moja. Kwao ni Bukoba, ngoma zetu kwake ni maonyesho tu. Aliniomba ile kanda ya mazoezi, eti anisaidie kunukuu maneno. Nikampa, mjinga mimi.

Siku ya mashindano wapinzani walikuwa na jibu la kila wimbo. Mjomba hajamaliza ubeti, wapinzani wameshaudaka na kuugeuza. Watu wakahamia upande wa pili, akina mama wa kwetu wakiwemo. Ulipofika wimbo wangu, manju wao akaimba: "Asante binti msomi, umetufungulia zizi la mjomba wako." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mjomba alishusha usinga wake, akanitazama. Tangu siku hiyo haitikii shikamoo yangu.

Siku chache baadaye tulikuwa Kirumba tunakunywa supu ya sato, mchumba wangu akaniambia bila hata chembe ya aibu, "Kanda niliwapelekea mimi. Utafiti wangu ni wa majibizano. Wasingejiandaa, ningepata wapi majibu mazuri vile?"

Nikamuuliza, "Unajua umemfanya nini mjomba?"

"Aah, wewe nawe! Ni ngoma tu. Mwalimu kasema kazi yangu imezipita zenu zote."

Nilimmwagia supu kifuani. Sijuti, ila supu yenyewe ilikuwa imeshapoa.

Msomi gani huyu, anachoma nyumba ya watu ili aandike jinsi moto unavyowaka? Na kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba bado nampenda.

Jumamosi washenga wake wanakuja, na wa kuwapokea ni mjomba. Mama ameshashona gauni, Igoma nzima inajua. Nikisema ukweli, mjomba atawatimua na ndoa imekufa. Nikinyamaza, nitaolewa huku naitwa msaliti. Juzi mama alikwenda kumuuliza mjomba kama atakubali kukaa na wageni hao. Nilikuwa jikoni, nikamsikia akijibu:

"Waje. Yule kijana ni mtu mzuri. Yeye hajaniuza."

Wasomaji wenzangu, nawasihi mnijibu kabla ya Jumamosi: nifungue mdomo au niufunge?