Gari Iliyoshindwa Kungoja

Maji ya radiyateri yakichemka yana harufu yake, na mimi naijua kuliko manukato yote yanayouzwa sokoni Bunia. Ni harufu ya kutu iliyopikwa pamoja na mpira moto, na ndani yake kuna utamu fulani unaokaa kooni mpaka jioni. Juzi nilikuta taksi imesimama katikati ya msongamano, kapo, yaani boneti, iko juu, mvuke unatoka, na dereva anapepea injini kwa kipande cha katoni utadhani anapepea makaa. Vijana wa pikipiki walikuwa wanamcheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilisimama pembeni na fungu langu la sombe, majani ya mihogo, mkononi, nikajikuta niko tena kwenye uwanja wa nyumba yetu ya mtaa wa Saio, mtoto wa shule ya msingi, na koko wangu amelala ndani, amekufa.

Koko ndivyo tulivyomwita mama ya baba. Alikuwa mtu wa huko juu, upande wa Kpandroma, kwenye baridi na viazi na ukungu wa asubuhi. Vita iliwatoa huko wote ndani ya gari ya baba: koko, babu, baba, mama, na Shangazi Eliza, dada ya baba. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama, sikumbuki kitu. Babu hakufika Bunia. Tulipouliza, watu wazima walisema alibaki njiani, basi, na mazungumzo yakageuzwa. Kwa miaka mingi nilidhani alishuka tu kama abiria, na siku moja atatufuata na kifurushi chake.

Gari yenyewe ilikuwa pikap iliyowahi kuwa ya bluu. Baba aliitumia kubeba viazi, mihogo na watu kati ya Bunia na Nyankunde, na ndiyo iliyotulisha. Lakini ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ikitembea, mshale wa joto ulikaa katikati, mtulivu kabisa. Ikisimama injini ikinguruma, mshale ulianza kupanda, na usipofanya haraka utaona mvuke. Kuizima nako kulikuwa na shida, maana demareri, ile mota ya kuwashia, ilikuwa imechoka, na kila kuwasha kulitaka kusukumwa. Kwa hiyo baba alijifunza kuishi nayo kama watu wanavyoishi na ndugu mwenye hasira. Hakungoja mtu. Abiria walipanda na kushuka gari ikitambaa. Aliegesha kwenye mteremko tu. Mama alikuwa anasema mume wake anasalimia watu kama mwizi, salamu mbele na miguu mbele.

Koko naye alikuwa na ulimi. Gari ile aliiita bibi arusi, kwa sababu, alisema, inapenda kutembezwa na kusifiwa, ila kukaa nyumbani haiwezi.

Siku moja alirudi kutoka kuzika jirani yetu mmoja. Kwa watu wa kanisa letu, mama mzee hakimbizwi akienda kaburini. Mama wa koral, kwaya yetu, wanatangulia kwa miguu, vitambaa vyeupe kichwani, wanaimba, na gari inafuata nyuma ya visigino vyao toka nyumbani mpaka makaburini. Wimbo usipokwisha, wanasimama mpaka uishe, na gari inasimama pia. Sasa dereva wa kukodi, siku ile, alikuwa na safari nyingine. Aliwapigia honi mama wa watu toka nyuma, wakaruka pembeni na nyimbo zao, na jeneza likadunda juu ya mashimo mpaka mwisho. Koko alivua viatu, akakaa kwenye kigoda chake karibu na chungu cha maharagi, akamwita baba.

"Sikia," alimwambia. "Weye ndiye utanibeba, na hii gari yako. Siku ile musinikimbize. Nilishakimbia ya kutosha."

Baba aliangalia gari, halafu akaangalia chini, akaitika ndiyo mama. Mimi niliona ni ahadi ndogo. Kwenda polepole kuna ugumu gani?

Alikufa asubuhi moja ya msimu wa mvua, chai yake ikiwa bado na joto kikombeni. Sitaeleza kilio, nanyi mnakijua. Turubai ilifungwa, viti vikaazimwa, moto wa matanga ukawashwa, na wazee wakapanga mazishi yawe kesho yake mchana. Baba mukubwa, kaka ya baba, akasema kitu cha akili kabisa: tutafute gari nyingine, hii itatuaibisha. Baba akajibu, "Mama aliniambia miye." Akatoka kati ya waombolezaji, akafungua kapo.

Nawaambia, ilikuwa aibu. Mtoto wa marehemu anakaa, analetewa maji, anashikwa mkono na kila anayeingia. Baba yetu alikuwa amelala chini ya gari, watu wa pole wanasalimia miguu yake. Nilisikia mama mmoja ananong'ona kwamba huyu ameshapata soko la viazi kesho. Mama yangu alisikia pia, akaingia ndani na kufunga mlango. Mimi nilimchukia baba siku ile.

Fundi aliyekuja kumsaidia aliitwa Onega, mtu wa Mahagi, Mkatoliki wa kuvaa rozari hata chini ya gari, na msemaji sana. Kwanza alitoa pole kwa heshima zote, akakaa, akala. Kisha akavua shati, akamuuliza baba ugonjwa huu umeanza lini. Baba akasema ni wa zamani. Onega akatikisa kichwa, akaanza, mficha maradhi, halafu akakumbuka methali ile inaishia wapi na kuna nani ndani ya nyumba, akaimeza na kukohoa.

Alianza na mambo mepesi. Maji yalikuwamo. Mfuniko wa radiyateri ulikuwa umelegea mpira, akaweka mwingine. Aliuliza termosta, ile ya kupima joto la maji, iko wapi, baba akasema ilitolewa zamani, na Onega hakushangaa, maana mafundi wa kwetu huitoa na kuitupa wakisema ni kitu cha nchi za barafu. Akatoa radiyateri yenyewe, akaiegemeza kwenye ukuta, akaingiza mpira wa maji. Likatoka tope la rangi ya chai ya maziwa, na sisi watoto tukashangilia mpaka tukakanywa kwamba hapa kuna msiba. Akairudisha, akakaza mkanda wa pompi. Tukasukuma, injini ikawaka, ikaachwa inanguruma mahali pamoja.

Hata wazee walitoka chini ya turubai kuchungulia ule mshale. Ulipanda taratibu, ukafika katikati, ukapita. Harufu ile ikaja. Baba akazima, akaweka viganja vyote viwili juu ya ubavu wa gari, akainamisha kichwa. Onega alisema hajaelewa. Vantilateri, lile feni la nyuma ya radiyateri, alilitazama kwa macho yake: linazunguka, tena kwa mbio na kelele zake zote. Wakalala hivyo.

Asubuhi Baba mukubwa alituma mtu akatafute gari ya kukodi. Hakusema kwa ukali tena, alisema kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Baba akaomba tusukume tena, Onega asikilize injini mara ya mwisho.

Kwetu gari inayobeba maiti inafungwa matawi mbele, ili watu wa njia wajue na wapishe. Shangazi Eliza hakujali ni gari gani itakayokwenda; alikuwa amekata matawi ya mkalitusi na alitaka kuyafunga. Mimi nilimshikia kamba. Anafunga tawi, majani yanamrukia usoni. Anayarudisha, yanamrukia tena. Hapakuwa na upepo, hata moshi wa jiko ulikuwa unapanda wima. Nikahisi na mimi joto linanipiga kifuani, kama mtu amefungua mlango wa tanuri.

"Gari ya namna gani hii?" Shangazi akafoka. "Iko inanipulizia moto mu macho!"

Onega akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaokota kipande cha karatasi ya mfuko wa simenti, akaja mbele, akakisogeza karibu na radiyateri. Kingepaswa kuvutwa na kunata pale. Kikasukumwa, kikaanguka miguuni mwa Shangazi. Akarudia, kikaanguka tena.

Alitueleza kwa sauti ya chini, yeye asiyejua sauti ya chini. Vantilateri kazi yake ni kuvuta hewa baridi toka nje, ipite kwenye radiyateri, iingie ndani. Hii ilikuwa inazunguka kinyume. Ilichukua joto la injini na kulitemea radiyateri mgongoni. Gari ikikimbia, upepo wa njia unaishinda nguvu, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Ikisimama, inajichoma yenyewe. Waya mbili ziligeuzwa, ni hivyo tu.

"Nani alifunga hizi waya?" aliuliza.

"Ni miye," baba akasema.

Akaeleza kidogo. Vantilateri ile alikuwa ameitoa kwenye gari nyingine iliyokufa, huko Kpandroma, kabla ya kukimbia. Aliunga waya, ikazunguka, akaridhika. Siku nyingine yoyote Onega angemtania mpaka Krismasi. Lakini alimtazama usoni, akachukua koleo. Injini ilipowaka tena, majani ya Shangazi yalilala kwenye radiyateri yakanata. Mshale ukapanda, ukafika katikati, ukakaa. Tulisimama pale mpaka miguu ikachoka, nao umekaa. Kisha Onega akagombana na Shangazi, akimwambia matawi yafungwe kwenye vioo na pembeni, asimzibe mgonjwa pua, na watu wakacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu jana.

Baba hakucheka. Alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na uso wake ulikuwa mgumu kuliko wakati gari ilipochemka. Hilo liliniudhi. Nilidhani mtu akishinda anafurahi.

Tulimpeleka koko polepole. Nilikaa mbele kati ya baba na Shangazi. Mama wa koral walitangulia, matope mekundu yakirukia pindo za vitenge vyao, na gari ilitambaa nyuma yao kwa gia ya kwanza. Wauza mafuta ya pikipiki walisimama na kuvua kofia. Penye njia panda wimbo ulikuwa na beti nyingi, mama wakasimama, nasi tukasimama, injini ikinguruma. Baba hakuangalia watu wala njia, aliangalia mshale. Haukutikisika.

Makaburini baba alifanya jambo lililonikera kwa miaka. Hakuzima gari. Alishuka, akabeba jeneza pamoja na wenzake, injini nyuma yetu ikiendelea kunguruma. Pasta alilazimika kupaza sauti. Baba mukubwa alikwenda kumwambia azime, mafuta yanaisha na watu hawasikii neno la Mungu. Baba akatikisa kichwa. Mawingu yakakusanyika, watu wakatupa udongo haraka, wengine wakaanza kurudi. Baba alibaki mwisho na udongo wake mkononi, hautupi. Shangazi alipomgusa bega, baba akasema, macho yake kaburini, "Mukae. Gari iko inangoja." Nikaona haya mbele ya wenzangu wa shule. Nilidhani anajivunia ufundi, pale, juu ya kaburi la mama yake.

Nilikuwa mama wa watoto wawili Shangazi Eliza aliponieleza. Tulikuwa tunachambua maharagi, na sikuwa nimemuuliza chochote kuhusu gari. Nilimuuliza tu babu alibaki wapi. Akasema alikufa ndani ya gari, siku ya pili ya kukimbia, moyo wake. Walimchimbia shimo kando ya njia, lisilofika kiunoni. Milio ya risasi ilikuwa inasikika kilima cha nyuma. Baba aliogopa kuzima injini isije ikakataa kuwaka, akaiacha inanguruma. Koko alikaa chini penye shimo, akaomba aachwe amwimbie mume wake wimbo mmoja tu.

"Hakumaliza," Shangazi akasema. "Baba yako akaona moshi. Akamushika mkono, akamwambia, mama simama, gari inaungua. Koko akasimama. Udongo ulikuwa ungali mu mkono wake, hakuutupa. Aliufungua ule mkono hapa Bunia."

Niliacha maharagi. Nikamkumbuka baba penye gari yake, na waya mbili, na neno lake lile moja mbele ya Onega. Koko hakumlaumu hata siku moja. Alikuwa anajua vita, hakuwa anajua vantilateri. Baba ndiye aliyejua, tangu asubuhi ile ya matawi, kwamba kilichomnyanyua mama yake penye kaburi la mumewe hakikuwa risasi peke yake.

Baba ni mzee sasa, gari iliuzwa zamani kama chuma. Sijamwambia kwamba najua. Lakini ile hasira yangu ya utotoni imekwisha. Siku ile, watu wote wakimwona mwendawazimu, pasta akipiga kelele na mvua ikikaribia, baba yangu aliacha injini inanguruma ili mama yake akae pale muda wote anaotaka.