Ndondocha Aliyeulizwa Jina

Mimi nachora vitu vya kutisha na sioni haya kusema. Mchana naandika mabango ya maduka na saluni hapa Lindi mjini, na muda unaobaki nachora katuni. Iliyonipa umaarufu, kama ni umaarufu, ni ile ya ndondocha. Kwingine wanamwita msukule: mtu amekufa, watu wamelia, matanga yameisha, kumbe mchawi kamchukua, kamkata ulimi na anamlimisha shambani kwake. Ndugu wanabaki wamezika mgomba wakidhani wamezika mtu. Huku kwetu hata asiyeamini habari hizi anajua vizuri ni kitu gani asichokiamini.

Ndondocha wangu alikuwa na meno. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu yote juu yake: meno, kucha, macho meupe na jembe linalodondosha damu. Kila Jumamosi niliwatumia wasomaji ukurasa mpya kwenye simu, na kila Jumamosi alikuwa amekula mtu mwingine. Nusu ya tarafa ilishaingia tumboni mwake. Wasomaji wakaanza kupungua, nami kila walipopungua nikamwongezea meno.

Siku moja akaingia kibandani kwangu mwalimu wa Kiswahili, mwanamke anayefundisha upande wa Mingoyo. Alikuja kuagiza bango la shule. Kurasa zangu zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba zikauke wino, naye badala ya kuongea habari za bango akasimama anazisoma, mwanzo hadi mwisho, mkoba ukiwa begani.

"Huyu anaitwa nani?" akauliza.

"Ndondocha, mwalimu."

"Hiyo ni kazi aliyopewa. Nauliza jina lake."

Nikamwambia hana jina. Akaniangalia vile mke wangu anavyoniangalia nikirudi sokoni bila nazi.

"Na mama yake yuko wapi?"

"Ndondocha ana mama gani, mwalimu?"

"Kwani wewe ulimwokota jaani?"

Nilikasirika. Mtu akigusa kazi yangu sina subira, na hilo mtaa mzima unalijua. Nikamwambia kama anajua sana, aandike yeye. Nilidhani nimemkomesha. Aliporudi kuchukua bango lake alikuja na hadithi, imeandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi za mitihani iliyopita, na juu kabisa ameandika jina la ndondocha. Lilikuwa jina la kawaida tu, la kijana yeyote wa huku. Silitaji hapa, ni la watu.

Cha kwanza aliyafuta meno. Cha pili alimwondoa bibi mchawi niliyempenda sana, mwenye macho mekundu kama makaa. "Bibi zetu wote wana macho mekundu, kaka," akasema. "Ni moshi wa kuni. Unataka wapigwe mawe?" Nilibisha siku nzima, lakini mwisho nilimwondoa, maana nilimkumbuka bibi yangu mwenyewe akipuliza moto.

Halafu akaniletea ukurasa mwingine. Asubuhi, ndondocha anapulizia salfa, ile dawa ya unga, mikorosho ya aliyemchukua. Vumbi lile linamfunika, linaingia puani. Anapiga chafya. Basi, ni hilo tu. Mwalimu aliandika: anafungua mdomo kusema Alhamdulillahi, kama alivyofundishwa utotoni, na ulimi haupo. "Chora kiputo cha maneno," aliniambia, "ukiache kitupu."

"Watu watadhani nimesahau kuandika."

"Wadhani. Watarudi kuangalia."

Nikachora. Kijana mweupe kwa salfa chini ya mkorosho, mdomo wazi, na juu yake kiputo kisicho na neno. Nilipomaliza nilikaa nikaitazama picha yangu mwenyewe na nywele zikanisimama, mimi ambaye nilishachora maiti wa kila aina. Meno yangu yote hayakuwahi kunifanyia hivyo. Nasema wazi: kuna watu wana kipaji na kuna sisi tuliojifunza kushika kalamu. Yule mwalimu ana kipaji. Anaona mtu pale ambapo mimi naona sanamu la kutishia watoto, na haoni kwa huruma ya mdomoni. Anauliza mtu huyo anakula nini, anaumwa wapi, nani anamkumbuka.

Jumamosi ile simu yangu haikutulia. Mmoja aliandika, "Oya fundi, mbona siku hizi ndondocha wako hatishi, analiza?" Mwingine, mwanamume mzima anayeuza saruji, alikuja kibandani kuniuliza kama kijana atarudi kwao. Wakarudi waliokimbia, wakaja na wasiowahi kusoma katuni. Nilijisikia fahari, kisha nikakumbuka hadithi ni ya nani, nikawaambia.

Tukaendelea hivyo msimu mzima wa korosho. Ndondocha alianza kukumbuka vitu kimoja kimoja: harufu ya mabibo, sauti ya kinu, njia ya kwao. Akatoka shambani akaanza kutembea kuelekea nyumbani. Mama yake hakuwa ameonekana bado. Kila ukurasa wasomaji walimsubiri, na mimi pia.

Tatizo likawa mwisho. Kijana amefika uani kwao, mlango uko wazi, kisanduku cha mwisho cha picha ni kitupu. Mwalimu haandiki. Nikampa mapendekezo yangu, na yalikuwa mazuri: amchome moto mchawi, ulimi umrudie, aamke kumbe ilikuwa ndoto. Hilo la ndoto alilicheka mpaka akafuta machozi. Ila yale machozi hayakukoma, ndipo nikaacha kuchekesha.

Akaniambia. Alikuwa na kaka yake, amefariki ghafla kwa homa nyumbani kwao Rutamba. Wakati huo mama yao alikuwa Pande kumuuguza dada yake, mvua zimekata barabara. Maiti haicheleweshwi, wakamzika siku ileile. Mama alipofika alikuta udongo. Hakumwona, hakumshika. Na kwenye matanga mtu mmoja, Mungu anamjua, akamnong'oneza: una hakika hawakuzika mgomba?

Tangu hapo mama amekataa mwanawe asomewe hitma ya marehemu. Kumsomea mtu aliye hai ni uchuro, anasema. Hatoki Rutamba hata kwa msiba, asije mwanawe akarudi akakuta nyumba imefungwa. Dada yake wa Pande amefariki, hakwenda kumzika.

"Mimi nimesema naye, shehe amesema naye, wajomba wamesema naye," mwalimu akaniambia. "Maneno hayaingii. Nataka aione hii. Ila naogopa, kaka. Nikimwonyesha mwanawe anatembea kurudi nyumbani, nitakuwa nimemfungia mlango kabisa. Hatatoka pale mpaka anakufa."

Niliuliza swali la kijinga. "Sasa kwa nini uliandika?"

"Kwa sababu yeye tayari yuko ndani ya hadithi hiyo, peke yake. Nilitaka nimfuate."

Tulikwenda Rutamba tukiwa na kurasa zote kwenye bahasha kubwa, nami nikabeba kalamu zangu kwa mazoea tu. Mama alitupokea barazani. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu nkeka." Mtu mwembamba, mpole, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kimwera, 'm' nyingine anaitamka 'n'. Tulikula muhogo na samaki, kisha mwalimu akaanza kumpangia kurasa mkekani, moja baada ya nyingine, na kumsomea. Jina la kijana, kumbe ndilo la kaka yake, alilisoma kwa sauti ileile aliyosomea mengine. Mama alisikia. Akavuta ukurasa karibu.

Nimewahi kuonyesha kazi yangu kwa watu wakubwa wa mjini, sikuwahi kutoka jasho namna ile. Alikuwa anagusa kila picha kwa kidole. Alinisahihisha jinsi kijana alivyoshika jembe, "Huyu anatumia kushoto," akasema, na mwalimu akaniangalia. Alipofika kwenye chafya aliinama, akakiangalia kile kiputo kitupu.

"Yarhamukallah," akaiambia picha, kama tunavyomwombea aliyepiga chafya.

Mwalimu alishindwa kuendelea kusoma. Zilizobaki mama alizifungua mwenyewe, bila maneno, mpaka uani, mpaka mlango ulio wazi, mpaka kisanduku kisicho na kitu.

"Na hapa?"

"Hapo hatujui, mama," mwalimu akasema. "Nimeshindwa."

Mama akarudi ukurasa wa kwanza. Akazipitia tena zote, haraka safari hii, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Nilijua tumeharibu. Nilijua atasema, basi yuko njiani, na nikaanza kukusanya kalamu zangu.

"Ntu huyu amesimama tu," akasema. "Analima amesimama, anakula amesimama. Kote humu hamna mahali amekaa. Amechoka huyu."

Tukainama wote kuangalia.

"Mwanangu," akaniambia mimi, "una kalamu? Nlaze."

Nikatandaza ukurasa wa mwisho mkekani, nikachora pale uani kijana amelala chali, mikono kifuani. Mama akatikisa kichwa.

"Siyo hivyo. Ubavu wa kulia. Uso kibla."

Nikakwangua wino kwa wembe, nikamgeuza. Wembe ulichubua karatasi, na mstari wa bega mpaka leo haujanyooka. Mama alikuwa amejiinamia juu ya karatasi, karibu sana, akiangalia uso ukitokea, kisha kifua, kisha magoti. Alinyoosha mkono akauweka juu ya ile picha, pale kwenye paji la uso, na wino ulikuwa mbichi, ukamshika kiganjani. Hakuuondoa.

"Nfunike sasa," akasema, na mimi nikachora sanda.

Alisubiri mpaka nimefika miguuni, ndipo akamgeukia binti yake. "Alhamisi nwite shehe," akamwambia. "Aje ansomee ndugu yako."