Nusu ya Firigisi

Kwap. Hiyo ndiyo sauti ambayo kila aliyewahi kupanga katika ploti ile ya Manyatta, Kisumu, anaikumbuka: kufuli ya Metrine ikijifunga kwenye sanduku la sukari. Ilisikika asubuhi baada ya chai na jioni baada ya chai. Kwa kuwa kuta za vyumba vyetu hazikufika kwenye mabati, iliingia kila nyumba, na wanawake walioisikia walitazamana na kusonya.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Bei ya mafuta ya taa ilipanda, unga ukafuata, sukari ikawa inauzwa kwa kujuana. Mizigo ilipungua gatini, na mumewe Wepukhulu, mpagazi wa huko, akawa anaitwa kazini siku chache tu kwa wiki. Metrine hakulalamika kwa mtu. Alianza kukata. Sabuni ya mche aliikata kwa uzi, vipande vyembamba ambavyo ungeweza kuona jua ng'ambo yake. Majani ya chai aliyaanika juani akayachemsha tena. Omena, dagaa wa ziwani, alinunua wakati wachuuzi wanafunga, akagombana nao mpaka wakamwachia tu ili aondoke. Viatu vya Nelima, binti yake wa kwanza, alivipasua mbele kidole gumba kipate kupumua.

Hayo watu wangeyavumilia. Hawakumsamehe juu ya zawadi.

Agneta, dada ya Wepukhulu, aliishi Kaloleni na mumewe karani. Alipojifungua, Metrine alikwenda kumwona na karai la bluu lenye maua, amelifunga vizuri kwa gazeti. Agneta alilifungua mbele ya wageni, akaligeuza. Chini yake palikuwa na tone la rangi nyekundu ya kucha. Wanawake wote wa mjini hutia alama vyombo vyao ili visipotee kwenye matanga, na tone lile lilikuwa la Agneta. Yeye ndiye aliyempa Metrine karai lile siku Nelima alipobatizwa.

"Asante, wifi," Agneta alisema. "Nilidhani karai langu limepotea."

"Halikupotea," Metrine alijibu. "Lilikuwa linakungoja uzae."

Tangu siku hiyo Agneta hakupumzika. Krismasi ilipofika na Wakoli, kaka yao mkubwa kule Kimilili, akapata pakiti ya majani ya chai badala ya blanketi alilozoea kila mwaka, Agneta alipata mtu wa kumsikiliza. Alituma habari nyumbani kwamba Wepukhulu anashindishwa njaa, kwamba chakula chake kinafungiwa kufuli, kwamba ukoo mzima unachekwa Kisumu. Mwanamke huyo arudishwe kijijini na watoto wake akalime. Wepukhulu atapata kitanda kwa vijana wenzake wa gatini.

Wakoli akajibu kwamba atakuja Jumapili kuamua. Wepukhulu hakuwahi kumpinga kaka yake hata kwa kukohoa. Na Nelima alikuwa darasa la saba, jina lake limekwisha kuandikwa kwa mtihani katika shule ya hapa mjini. Kama angeondolewa mwaka huo, ungekuwa mwisho wa masomo yake. Metrine alifungia mengi katika sanduku lile, lakini yote yalikuwa kwa ajili ya mtihani huo.

Mgeni kama Wakoli hapokelewi kwa omena. Jumapili asubuhi Metrine akaenda soko la Kibuye kutafuta kuku, akamkuta mmoja anayefaa kwa mama mmoja kutoka Kombewa. Mkono mwingine ulikuwa tayari umemshika kuku huyo miguu.

Ulikuwa mkono wa Kageha, jirani yake wa ukuta mmoja. Hawakuwa wamesalimiana tangu walipomwagiana maji kwenye foleni ya bomba. Baba mkwe wa Kageha alikuwa anakuja siku hiyo hiyo kutoka Maragoli, na mfuko wa Kageha haukuwa mzito kuliko wa Metrine. Walishindania bei, kwanza na muuzaji, kisha wao kwa wao, hadi yule mama wa Kombewa akawaambia kwamba kuku wake ana jua kali kichwani na wao wana maneno matupu. Mwishowe walichanga. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Walimchinja na kumgawa nyuma ya choo, watu wasiwaone, wakiapizana kwamba hakuna atakayesema. Paja kwa paja, bawa kwa bawa. Kichwa na miguu kwa Kageha, shingo kwa Metrine. Ikabaki firigisi.

Kwa Wabukusu, na kwa Wamaragoli vilevile, firigisi ni ya mwanamume anayeheshimiwa, naye hupewa nzima. Ukimpa mgeni kuku bila firigisi, ni kama umemwambia kwamba umemheshimu mwingine kabla yake. Kageha alisema hataiacha. Metrine alisema hataiacha. Kisha Metrine akafanya kama alivyofanya kwa sabuni: akaikata katikati.

"Akiuliza?" Kageha alisema.

"Kuku alikuwa mdogo."

Metrine alipofungua jikoni gazeti alilofungia nyama yake, aliona kwamba shingo haimo. Hapakuwa na muda wa kugombana. Wakoli alikuwa ameshafika, na Agneta yuko naye, amevaa nguo ya kanisani.

Wakoli alinawa, akaomba, akageuza nyama kwa kidole. Akainua kile kipande cha firigisi na kukielekeza mlangoni penye mwanga.

"Hii imekatwa."

"Kuku alikuwa mdogo, Mzee."

"Kuku mdogo ana firigisi ndogo," Wakoli alisema. "Hana nusu. Nusu nyingine ameila nani?"

"Kaka, sema vizuri," Agneta alisema. "Uliza ni mwanamume gani."

Wepukhulu aliacha kutafuna. Alimtazama mkewe, kisha akaitazama sahani yake mwenyewe, kana kwamba ingemjibu. Wakoli aliweka kipande chini. Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba alikuja kuzungumza habari ya sukari na mablanketi, lakini kama kuna mwanamume anayetangulia kula katika nyumba ya ndugu yake, basi hakuna mazungumzo. Mwanamke na watoto watapanda basi la jioni pamoja naye.

Nelima alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji. Metrine alimwona. Akavunja kiapo.

"Iko kwa jirani, Mzee. Tulinunua kuku mmoja, tukagawana."

Agneta alicheka. "Jirani yupi? Kageha? Ploti nzima inajua mngegawana ugonjwa kabla ya kugawana kuku." Akaugeukia ukuta. "Kageha, eti umegawana kuku na wifi yangu?"

Upande wa pili kijiko kiligonga sufuria. Kisha sauti ya Kageha, laini kama ya mtu aliyeko kanisani: "Kuku gani, mama? Sisi tuna wetu."

Agneta akakaa vizuri kwenye kiti. Wepukhulu alianza kuinuka, labda kwenda nje, labda kutafuta sanduku la nguo. Hatukujua, na nadhani yeye pia hakujua. Ndipo ikaja kutoka upande ule sauti ya mzee, ya polepole, ya mtu ambaye macho yake hayaoni vizuri na ambaye amepapasa sahani yake kwa vidole.

"Mama," alisema, "hii yangu pia ni nusu."

Wakoli alichukua kipande chake kiganjani, akatoka. Tayari sote tulikuwa uani, tunajifanya tunaanua nguo. Aliingia kwa Kageha bila kubisha, akamsalimu mzee, akaweka kipande chake katika sahani kando ya kile kingine. Akavisogeza kwa kidole. Viliungana barabara, ukingo kwa ukingo.

Hakuna aliyecheka. Mzee wa Maragoli alipapasa firigisi iliyoungana, akauliza kama huko Bukusu kuku wamekwisha. Wakoli alikuwa amekuja kama mkuu wa ukoo, na sasa alikuwa mbele ya mgeni, akiokota nusu yake sahanini kama mtoto aliyegawiwa.

Aliporudi alimwuliza Wepukhulu anafanya kazi siku ngapi. Wepukhulu, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akiandika nyumbani kwamba kazi ni nzuri, alijibu akitazama miguu yake. Wakoli aliisikiliza hesabu hiyo ndogo hadi mwisho.

"Na bado ulitaka kuninunulia blanketi?"

"Ndiyo."

"Mjinga." Akamgeukia Metrine. "Na wewe ni mwanamke mgumu. Sikupendi, na sitakupenda. Msichana atafanya mtihani wake hapa. Baada ya hapo tutaonana."

Kisha akaketi, akala nusu yake, akiitafuna kwa muda mrefu kama mtu anayekula deni. Agneta alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Kuanzia siku hiyo alimwita Metrine kila jina isipokuwa wifi.

Jioni, baada ya basi kuondoka na Nelima kufungua vitabu vyake mezani, Metrine alisuuza sahani. Akaweka sukari ndani ya sanduku. Kwap. Kisha akausogelea ukuta, akaweka mdomo karibu na ufa ili mzee aliyelala upande wa pili asiamke.

"Kageha," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Shingo ilikuwa yangu."