Maiti Mwenye Zipu

Kwa miaka arobaini mjomba wangu amenitangaza mwoga. Kila sherehe ya ukoo, akishashiba pilau, husimama kusimulia alivyonipeleka sinema mjini Morogoro nikiwa na miaka minane, na jinsi nilivyotoka mbio maiti alipofumbua macho ndani ya jeneza. Uongo mtupu. Aliyetoka mbio ni yeye. Mimi aliniacha kitini na karanga zangu, nikalia peke yangu. Lakini kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto, nani angembishia mbele ya watu?

Mwezi uliopita sendofu ya kumuaga binti yangu kabla ya ndoa ilikaribia, na msemaji wa ukoo alikuwa yeye. Nikaona sasa imetosha, sitachekwa mbele ya wakwe. Niliitafuta ile filamu, nikaiweka kwenye kompyuta, nikapanda mlimani kwake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Maiti."

Tulitazama huku tukila magimbi. Yarabi, hiki ndicho kilichotutoa jasho? Ngome ya kwenye filamu ilikuwa ya maboksi, mlango ukifungwa ukuta unatikisika. Maiti alikuwa na zipu mgongoni. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kilichomkera ni kimoja tu: kijana kurithi ngome ya baba yake wakati wajomba zake wapo hai.

Kisha likaja jeneza. Kicheko kikakatika. Mjomba akainuka, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Hana mbuzi.

Nikamfuata uani. "Mjomba, ulikimbia wewe."

Akachana jani kavu la mgomba. "Nilifika darajani, kiatu kimoja kimeshapotea, ndipo nikakumbuka nina mtoto wa dada yangu. Nikarudi mbio kuliko nilivyotoka. Nikakukuta umelowa machozi, na unaniuliza mimi nimeumia wapi." Akapangusa pua. "Mama yako ningemwambia nini? Nikasema kiatu kilipotea nikikufukuza wewe."

Nilikuwa nimejiandaa kumsema mpaka jua lizame. Nikajikuta namhurumia, na hilo likaniudhi zaidi.

Siku ya sendofu alishika kipaza sauti, akaanza hadithi ileile. Nikakunja uso. Alipofika kwenye jeneza akanitazama.

"Basi," akasema, "nikamshika mkono, tukakimbia wote."

Huo nao ni uongo, lakini humo hakuniacha. Nikapiga vigelegele kuliko wakwe wote.