Nilivyokataza Msasa Nyumbani Kwangu

Ninyi vijana mnaohamia nyumba kuukuu za mjini, mkaona kuta nene na madirisha ya mbao mkafurahi, nisikilizeni. Shule niliishia darasa la pili, lakini hili nimelijua kwa kuumizwa.

Nyumba yetu ya Mirongo, marehemu mume wangu aliinunua ikiwa tayari kongwe. Madirisha yalikuwa na rangi ya kijani, tabaka juu ya tabaka, inabanduka kama magamba ya samaki sato. Mjukuu wangu wa miaka miwili alikuwa anasimama pale dirishani, anabandua, anakula. Nilimwona. Nikasema ana minyoo, nikamnywesha dawa mara mbili. Tumbo likazidi kumuuma, na maneno aliyokwisha kuyajua akaanza kuyapoteza. Hata "mama" aliacha kusema.

Kliniki, daktari aliniuliza, "Bibi, nyumba yenu ni ya zamani?" Damu ikapimwa, ikakutwa na risasi, madini yale yale wavuvi wanayofunga kwenye nyavu ili zizame. Rangi za zamani zilitiwa hayo. Akasema vumbi lake nalo ni sumu, mtoto analilamba vidoleni.

Narudi nyumbani, fundi rangi yuko juu ya ngazi anapiga msasa dirisha la sebule! Kaletwa na shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Jumamosi wakwe walikuwa wanatoka Kisesa kuleta mahari ya binti yangu wa mwisho, na shemeji alitaka nyumba ing'ae. Vumbi la kijani limetanda mpaka kwenye makochi.

"Shuka," nikamwambia fundi.

"Mama, nusu saa tu namaliza."

"Shuka, au ngazi naivuta nawe ukiwa juu."

Shemeji akacheka. "Shemeji, watoto wetu wote wamekulia humu. Nani amekufa?"

"Na wewe umeishi humu, ukitafuta miwani huku umeivaa. Usijitolee mfano."

Fundi akaangua kicheko, akashuka.

"Utatuaibisha kwa wakwe," shemeji akasema.

"Wanaoa binti, hawaoi dirisha."

Nikamweleza fundi kama daktari alivyonielekeza: ukitaka kazi, watoto waondoke kwanza, mbao uiloweshe, ukwangue ikiwa mbichi, pua na mdomo umefunga, na magamba yote yaingie kwenye mfuko, si kwenye mchicha wangu. Akasema hiyo ni kazi ya wiki nzima. Basi iwe wiki, baada ya wageni. Mjukuu nikamhamishia kwa dada yangu Ilemela, nikapiga magoti na kitambaa kibichi, nikafuta vyumba vingine vyote mara tatu. Sebule nikaipiga kufuli.

Jumamosi dada akamleta mtoto kwenye sherehe. Maneno yalikuwa hayajarudi. Daktari alisema tumbo tupu linanyonya risasi zaidi, na jikoni nikakuta sahani ya kwanza inaandaliwa kwa ajili ya wakwe, kama ilivyo desturi yetu. Nikaishika.

"Sebule haifunguliwi. Viti vyote uani. Na kabla mgeni hajaonja kitu, huyu mtoto anawe mikono, ale, ashibe. Mwenye neno, mleteni kwangu."