Kiti Nyuma ya Leso

Mwezi uliopita Mama alifungua sanduku la bati lililokaa miaka chini ya kitanda chake, nyumbani Kitui, na harufu ya makonge ikanifikia kabla sijaona kilichomo. Makonge yakiwa mabichi hunuka kama majani yaliyolowa siku tatu. Yakishakauka na kutiwa rangi hubaki na harufu nyingine, tamu kidogo, inayoshika nguo na isiyoondoka hata ufue vipi. Ndani ya sanduku kulikuwa na leso sita za kujifunga kiunoni zilizoshonwa pamoja zikawa pazia moja. Pazia lile mimi nalijua kwa upande wa nyuma tu, na nitawaambia kwa nini.

Lilikuwa la Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya, mama yake Mama. Susu aliishi Matiliku na kazi yake ilikuwa kusuka vyondo, vile vikapu vya makonge. Msidhani ni jambo dogo. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa kinaalikwa kwenye maonyesho ng'ambo, na kwa kuwa Susu hakumwonea haya mtu yeyote, ndiye aliyetumwa. Alikwenda mara ya kwanza, akaenda na ya tano. Watu wengine wakisafiri hurudi na blanketi na viatu. Susu alirudi na habari za michezo ya kuigiza. Kila mji aliofika, vyondo vikishafunikwa jioni, aliuliza watu wanaigizia wapi, akaenda akaketi. Lugha yao hakuijua. Ukimuuliza alielewa nini, alikutazama kwa huruma na kukuuliza kama kilio nacho kinahitaji mkalimani.

Alipofika nyumbani alituigizia mchezo wote jikoni, vikombe vikiwa watu. Kikombe kilichokatika mkono ndicho kilikuwa mfalme siku zote. Nchi zenyewe alizipima kwa viti vya ukumbini. Kulikuwa na nchi ya viti laini, na nyingine ya viti vinavyojikunja ukisimama, ambako alikaa akajikuta sakafuni, na majirani wakampigia makofi.

Mimi nina jina lake, Kalondu. Kwetu mtoto mwenye jina la mzazi wako humgombezi ovyo, kwa hivyo Mama akinikasirikia alimeza nusu ya maneno. Nililijua hilo mapema na nikalitumia vibaya sana.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi. Tulikwenda Matiliku likizo ya Desemba kama kawaida, tukamkuta Susu ameandaa mchezo wa kanisani, uigizwe alasiri ya Krismasi baada ya ibada. Aliutunga mwenyewe. Ni wakati wa kiangazi, na mwana wa mama mmoja amekwenda kutafuta kazi mbali, hajarudi. Nyumbani limebaki bakuli moja la muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na mlangoni anatokea mtu mwenye njaa wasiyemjua. Susu ndiye angekuwa mama huyo. Tena mama huyo alikuwa na binti, msichana wa miaka kumi. Sasa niambieni, hiyo nafasi ilikuwa ya nani?

Alimpa mtoto wa jirani. Mimi akanipa kigoda nyuma ya pazia, na daftari lenye maneno yote ya mchezo.

"Nikinyamaza, hesabu pumzi tatu," aliniambia. "Kama bado nimenyamaza, ninong'onezee."

Nilinuna wiki nzima. Nilinuna hata mbele ya chapati, na mnajua chapati kwetu Desemba ni kitu gani.

Siku moja ya mazoezi nilikuwa nimeketi pale nyuma, nimenuna vilevile, Mama akaingia kanisani asijue nipo. Susu alitarajiwa kusafiri tena Februari na Mama hakutaka. Akaitaja Malili. Habari ya Malili sote tuliijua, maana Susu mwenyewe alituigizia: alivyoshuka garini pale kando ya barabara kuu, akasahau alikokuwa anakwenda, akaketi kwenye duka la mtu tangu asubuhi akinywa soda, mpaka mwenye duka akampigia Mama simu. Aliiga sauti ya mwenye duka tukacheka mpaka tukakohoa. Mama peke yake hakucheka.

"Mama, nisikilize," Mama alisema. "Ukisahau maneno mbele ya kanisa, mimi mwenyewe nitawaambia kikundi watume mtu mwingine."

"Na nisiposahau?"

"Usiposahau, nenda."

Susu akamgeukia. "Haya, mwaitu," akasema. Ndilo neno la Kikamba la kumwita mama yako, na Susu alimwita Mama hivyo kwa sababu alimpa jina la mama yake.

Nilitazama daftari nililoshika. Safari ya Susu ilikuwa mle ndani. Nikaacha kununa.

Siku ya Krismasi kanisa lilijaa hadi mlangoni, na mabati yalikuwa yanachoma. Pazia lilifungwa kwa kamba kutoka dirisha hadi dirisha, nami niliona kupitia mahali mshono ulipoachia. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mgeni akabisha. Susu alitakiwa kumpa bakuli na kusema, "Keti ule, mgeni. Mwanangu naye huko aliko ni mgeni wa mtu." Alimpa bakuli. Kisha akanyamaza.

Nikahesabu pumzi tatu. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Jamani, alikuwa amependeza mno. Macho ameyainua juu, viganja viko wazi, na kanisa zima limetulia. Nilifikiri anaigiza. Nikafika pumzi ya saba.

Basi mzee mmoja wa kanisa, aliyeketi kiti cha mbele, akaona dada amesimama kimya, mikono wazi, macho juu, akafanya alichozoea kufanya. "Tuombe," akasema. Watu wote wakainamisha vichwa na kufumba macho, na kama ilivyo kawaida yetu kila mmoja akaomba yake kwa sauti: mvua, karo, watoto walioko Mombasa wasiopiga simu.

Susu akageuka akaja kwenye pazia. Leso zikasogea, uso wake ukawa karibu na wangu. Sijawahi kumwona mtu mzima ameogopa namna ile.

"Kalondu, nilikuwa nasema nini?"

Nikamnong'onezea. Akasema, "Tena." Nikarudia. Alirudi mahali pake, mzee akamaliza kwa amina, watu wakafumbua macho, na Susu akasema maneno yake yote. Akina mama walishika leso zao wakajifuta machozi. Hadi leo kuna watu Matiliku wanaosema Roho alishuka katikati ya mchezo.

Mimi nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikalia. Nilikuwa nimechelewa, na nilikuwa na siri nisiyoiweza. Sikumwambia mtu. Mama hakuniuliza kitu, na Februari alimfungia Susu mkoba kwa mikono yake, ila alisisitiza asafiri na mwenzake mmoja wa kikundi. Ndiyo ilikuwa safari yake ya mwisho. Alirudi akilalamika kuhusu mchezo uliodumu saa nne na ambamo hakuna aliyekula chochote.

Miaka yote hiyo niliamini kwamba mimi na Susu tulimdanganya Mama. Mpaka mwezi uliopita, tukikunja lile pazia, yeye upande wake na mimi upande wangu.

"Siku ile wote walifumba macho," Mama akasema. "Mimi sikufumba."

"Ulimwona?"

"Nilimwona anakuja kwako. Nikasema, kumbe ana mtu. Basi aende."

Nikaendelea kukunja. Nilikuwa nimejiona mtoto aliyenyimwa nafasi. Kumbe Susu alijua kinachomjia, na kati ya watu wote alinichagua mimi nimwone akiwa amepotea. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kuona kwamba ile ndiyo nafasi aliyoiogopa kumpa mtu.

Mara ya mwisho nilipomtembelea Susu, alikuwa hamjui mtu tena, hata Mama. Nilimkuta kwenye kiti chake adhuhuri, bakuli la muthokoi mapajani. Alinitazama sana, akanyamaza. Nikahesabu pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikainama nimnong'onezee jina langu, ambalo ni lake pia. Akaniwahi. Alinisogezea bakuli kwa mikono miwili.

"Keti ule, mgeni," akasema. "Mwanangu naye huko aliko ni mgeni wa mtu."

Hakuruka hata neno moja. Nikaketi, nikala.